Udongo Juu ya Udongo

Udongo juu ya udongo si paa. Methali hiyo mmeisikia leo kwenye mkutano wa maji, pale mwenyekiti alipotaka pampu ifungwe tena kwa mpira wa baiskeli juu ya mipira mingine iliyokwisha kuoza. Mama mmoja akasimama, akasema maneno hayo sita, akakaa. Watu wakacheka, mwenyekiti akajikuna kichwa, na mpango wake ukafa palepale. Nanyi wajukuu zangu mlicheka, nikawaona kwa macho yangu. Sasa mnakuja kuniuliza, bibi, udongo gani na paa gani? Mnacheka kwanza, mnauliza baadaye.

Haya, kaeni. Penina, vuta huo ungo wa karanga tumenye, maana mimi siwezi kusimulia mikono ikiwa mitupu. Wewe Lameki usizile zote. Methali hii haikuachwa na wahenga wasiojulikana majina. Ilizaliwa hapahapa kwetu, upande huu wa Mpwapwa, na mimi nilikuwepo, mke kijana, na kikapu kichwani. Chanzo chake ni hiki.

Wakati huo bati lilikuwa kitu cha misheni na cha dukani. Sisi wengine tulikaa kwenye matembe. Ninyi mliozaliwa chini ya bati hamjui raha ya tembe wala taabu yake. Unasimika nguzo zenye panda, unalaza mihimili juu ya panda hizo, juu ya mihimili unapanga fito, juu ya fito majani, na juu ya majani unamwaga udongo na kuushindilia. Paa linakuwa bapa, unaweza kupanda ukaanika mtama. Ndani kuna ubaridi hata jua la saa nane likiwaka namna gani.

Mzee Malogo, jirani yetu, alijenga kibanda cha namna hiyo kwenye bustani yake kando ya mto wa mchanga. Mto ule mnaujua, maji huyaoni mpaka uchimbe. Alikuwa mkulima wa vitunguu, na kibanda kilikuwa cha kuwekea majembe, ndoo za kumwagilia na vitunguu vilivyovunwa. Vitunguu vina maringo. Havitaki moshi, kwa hiyo nyumba ya kupikia haivifai. Havitaki joto, kwa hiyo ukiviweka chini ya bati vinaiva kabla havijafika sufuriani. Vilitaka kibanda kile kile.

Mzee Malogo akafariki. Mwaka ulipotimia, mkewe, ambaye sote tulimwita Mama Ndahani kwa jina la mwanawe wa kwanza, akawaambia wanawe wachukue kila mtu kikapu cha udongo wakauweke juu ya paa la kibanda, kwa kuwa ndicho kitu cha mwisho alichokijenga baba yao kwa mikono yake. "Tumfunike baba," alisema. Sisi majirani tukawasindikiza. Tukaushindilia udongo kwa miguu huku tukiimba, kisha tukanywa togwa. Lilikuwa jambo zuri, sitawadanganya, hata mimi nililia kidogo. Mwaka uliofuata likafanywa tena, na uliofuata tena, mpaka likawa desturi. Paa likivuja, mtu anasema, bado udongo. Linaongezwa udongo. Likivuja zaidi, linaongezwa zaidi.

Ilipita miaka mingi namna hiyo. Paa likawa nene, likabonyea katikati kama mgongo wa punda mzee, maji ya mvua yakawa yanatuama palepale. Nyasi zikaota juu yake. Mbuzi walijua njia ya kupanda, wakawa wanalisha huko.

Sasa niwaambie habari za Nyemo, maana kibanda bila Nyemo kisingekuwa na hadithi.

Nyemo alikuwa binti wa mwisho wa Mama Ndahani. Aliolewa kijiji cha pili na mwanamume aitwaye Masinga, mtu mzuri wa sura na mwepesi wa mkono. Alimpiga. Nyemo akarudi kwao. Haikupita siku nyingi wakaja washenga na kitenge na maneno matamu, na Mama Ndahani akamwambia bintiye, "Rudi mwanangu, ndoa ni kuvumiliana." Akarudi. Akapigwa tena, akaja tena, na safari hii washenga wakaja na mbuzi. Mama akapokea mbuzi, akamrudisha binti. Safari ya tatu Nyemo alikuja na pengo mdomoni na watoto wawili, mmoja mgongoni na mmoja mkononi, akasema harudi tena.

Mama yake hakusema ndiyo wala hapana. Aliyesema ni Ndahani, kaka yake. Ndahani hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na watoto wengi na ghala dogo, na njaa ya mwaka mmoja kabla ilikuwa imemtia woga. Akamwambia, "Lima bustani ya baba. Ukiweza kujilisha wewe na wanao mpaka mavuno yajayo, hakuna atakayekuuliza. Ukishindwa, dada yangu, washenga wakija utafuatana nao."

Nyemo akalima. Kiangazi chote tulimwona mtoni, anachimba mchanga, anateka, anamwagilia, mtoto mgongoni. Akapata vitunguu ambavyo hata marehemu baba yake hakuwahi kuvipata. Alivianika, akavipanga ndani ya kibanda juu ya vichanja mpaka vikafika kifuani. Wachuuzi huja mwanzoni mwa mwaka, vitunguu vikiadimika, kwa hiyo ilimpasa avitunze wakati mvua inanyesha. Mnaelewa sasa? Kati ya Nyemo na mkono wa Masinga palikuwa na paa lile tu.

Mvua ya kwanza ilikuwa manyunyu, ya kutuliza vumbi tu. Hata hivyo kona moja ya kibanda ilivuja na vitunguu vya kichanja kizima vikaanza kunuka. Nyemo akamwendea mama yake. Mimi nilikuwa pale, nimekwenda kuomba moto.

"Mama, paa la kibanda lishushwe kabla mvua haijakolea."

"Lishushwe?" Mama Ndahani akaacha kupepeta. "Paa la baba yako?"

"Miti imeoza, mama. Nikiigusa inadondosha unga."

"Ongezeni udongo. Siku ya baba yenu imekaribia."

"Udongo ndio unaolivunja."

"Nyemo, nisikilize. Mimi nikiwa hai, paa la baba yenu halishuki. Mkishanizika mimi, shusheni mnachotaka."

Nyemo akageuka, akarudi bustanini. Mimi nilichukua kijinga changu cha moto nikaondoka, moyo umenijaa huzuni, kwa sababu niliona kwamba wote wawili walikuwa wanampenda yule marehemu, na kila mmoja alikuwa na haki yake.

Siku ya Mzee Malogo ikafika. Tukaenda bustanini na vikapu vyetu, mawingu yamejikusanya upande wa milimani. Mama Ndahani alikuwa ndani ya kibanda, anachambua vitunguu vilivyooza, anavitoa kimyakimya. Nadhani alikuwa anaona, ila hajataka kukubali. Nyemo alisimama nje mlangoni.

"Kaka, nakuomba usipande," alisema.

"Kila mwaka napanda," Ndahani akamjibu.

Ndahani alikuwa mtu wa kiwiliwili. Ugali wa uwele ulimkubali. Akatanguliza kikapu chake kichwani, kama ilivyo haki ya mtoto wa kwanza, akapanda, akaenda mpaka katikati pale palipobonyea ili ajaze lile bonde. Tukasikia mti ukilia, kwaa! Tulipotazama tuliona nusu ya Ndahani. Mguu mmoja ulikuwa umekunjwa juu ya paa, mwingine haupo, na kikapu bado kiko kichwani, hakikumwagika hata punje.

Kutoka ndani ikaja sauti ya Mama Ndahani. "Mguu wa nani huu?"

Jamani, nilicheka mpaka nikakaa chini. Watu walishikana mabega. Hata Ndahani mwenyewe alianza kucheka, kisha akakumbuka kwamba anaumia. Aliyekuwa hacheki ni Nyemo. Alikuwa amekimbilia ndani, kwa sababu udongo wa miaka yote ile ulikuwa unamwagikia vitunguu vyake.

Wanaume wakamvuta Ndahani, wakamteremsha, muundi umechubuka vibaya. Kwa aibu, akaanza kutoa amri. "Si kitu. Leteni gogo tulitegemeze paa kwa ndani. Halafu nyote mwageni vikapu vyenu palepale, tuzibe hilo shimo." Na mtaamini? Watu wakainua vikapu. Ndivyo tulivyozoea.

Ndipo Mama Ndahani akatoka ndani. Alikuwa amefunikwa na vumbi kuanzia kilemba mpaka miguuni, na mkononi alishika kipande cha mhimili kilichodondoka. Akakivunja kama mhogo mkavu mbele yetu. Ndani kilikuwa kitupu. Mchwa walikuwa wamekula kila kitu, wakaacha gome.

"Ndahani, huu ni mti gani?"

"Ni mhimili wa baba, mama."

"Siku baba yako alipoukata nilikuwa naye. Ulikuwa mzito, aliutua njiani mara nyingi, nami nikawa nampa maji. Hebu ushike huu."

Ndahani akaushika. Haukuwa na uzito wowote.

"Mti wa baba yako umekwisha," Mama Ndahani akasema. "Kilichobaki juu ni udongo, na udongo tumeuleta sisi. Miaka yote hii nimekaa nalinda mzigo niliomtwika mwenyewe."

"Lakini mama, tutaziba tu, tuta..."

"Mtaziba kwa nini?"

"Kwa udongo."

"Udongo juu ya udongo si paa, mwanangu."

Hakusema kwa sauti ya kufundisha. Alisema taratibu, kama mtu anayejiambia mwenyewe. Kisha akanyoosha mkono. "Nyemo, nipe jembe." Akalivuta paa kwa jembe kutoka ukingoni, bonge la kwanza likaanguka miguuni pake pamoja na nyasi zake. Machozi yalimtoka, lakini hakuacha. Nyemo akachukua jembe la pili, akasimama kando yake.

Sasa, kufungua paa mvua ikiwa mlimani si mchezo. Vitunguu vikagawanywa kwenye nyumba za majirani, moshi au si moshi, kwa siku chache tu. Kwangu viliwekwa mpaka chini ya kitanda, na mume wangu akalalamika kwamba sasa hata ndoto zake zinanuka vitunguu. Wanaume wakaenda porini kukata mihimili mipya. Ndahani alichechemea nao, na mhimili mkubwa kuliko yote ndio aliouchagua kuubeba, hakuna aliyemlazimisha. Sisi wanawake tukateremsha udongo. Ulikuwa tabaka juu ya tabaka. Lundo lake lilipokwisha kukusanywa lilikuwa refu kuliko kibanda chenyewe. Tulishangaa kibanda kiliwezaje kuubeba muda wote huo.

Jibu tulilipata tulipofika chini. Nguzo za Mzee Malogo zilikuwa za mpingo, na mchwa walikuwa hawajazigusa. Mama Ndahani akazipapasa moja moja. "Hizi ndizo zake," alisema, na nikamwona akitabasamu. Hakuna nguzo iliyong'olewa. Mihimili mipya ililazwa kwenye panda zilezile alizozichagua marehemu. Kisha fito, kisha majani, kisha udongo wa tabaka moja tu, umechanganywa na samadi na kushindiliwa vizuri. Nyemo akataka paa liiname kidogo kuelekea bustanini ili maji yasipate pa kukaa, na kaka yake akafanya kama alivyoagizwa.

Tulikuwa bado tunashindilia mvua ikatukuta. Mvua kubwa, ya kishindo. Tukaingia wote kibandani, tumebanana, tumeinua nyuso juu tunasubiri tone la kwanza. Tukasubiri sana. Mtu mmoja akapiga kelele "limedondoka!", kumbe ni jasho la jirani yake. Hakuna kilichovuja. Nyemo akaanza kuimba, mama yake akapokea, na sote tukaimba kushinda mvua.

Mngedhani methali imekwisha kuzaliwa hapo. Bado. Hapo yalikuwa maneno ya mama mmoja kuhusu paa moja. Yalipata kuwa methali walipokuja washenga.

Walikuja vitunguu vikiwa vimesharudishwa, mvua ikinyesha. Walikuwa Mzee Mhalila, mshenga yuleyule wa siku zote, na kijana wa kumsaidia mizigo. Walikuta nyumba haina mtu, wakatufuata bustanini, wakajisitiri ndani ya kibanda. Safari hii walileta kitenge, mbuzi wawili na redio. Redio, wajukuu zangu! Kijiji kizima kilikuwa na redio moja. Nilimwona Ndahani akiitazama, nikamwona na Nyemo akimtazama Ndahani. Vitunguu vilikuwa bado havijauzwa, na neno la kaka yake lilikuwa bado halijafutwa. Nyemo alikuwa anageuzageuza kitunguu kimoja mkononi.

"Mbukwenyi," Mzee Mhalila akasalimu, tukaitikia. Akakohoa. "Mkwe wetu, Masinga amejuta."

"Amejuta nini?" Mama Ndahani akauliza.

"Amejuta... hayo yaliyotokea."

"Yaliyotokea ni yapi? Yataje, mkwe wangu."

Mzee Mhalila akaangalia viatu vyake vyenye tope. "Mama, mambo ya ndoa hayachambuliwi hivyo. Ametuma vitu hivi ili kufunika yaliyopita."

Mama Ndahani akainua macho, akaitazama mihimili mipya. Mvua ilikuwa inapiga juu.

"Mara ya kwanza mlileta kitenge," alisema. "Mara ya pili mkaleta mbuzi. Leo mbuzi wamezaana na wameleta redio. Nendeni mkamwambie Masinga, udongo juu ya udongo si paa."

Mzee Mhalila akageuka huku na huku. "Maana yake nini, mkwe?"

Hapo Ndahani akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Akapandisha suruali yake, akamwonyesha mshenga muundi wenye kidonda kikubwa. "Maana yake ni hii, mzee," alisema. "Nilimwaga udongo mahali palipooza, nikashuka bila ngazi. Rudini na redio yenu. Dada yangu hatakwenda."

"Kilichooza ni mhimili," Mama Ndahani akaongeza. "Akaushushe huo kwanza, mbele ya wazee, autaje kwa jina lake. Na hata akiushusha, kurudi au kutorudi ni juu ya Nyemo."

Mshenga akamgeukia Nyemo. "Nawe binti, wasemaje?"

Nyemo akakirudisha kitunguu chake kichanjani. Akasema, kwa adabu zake zote, "Korongo linajaa, baba. Ni vizuri muanze safari mapema."

Wakaenda, mbuzi wakivutwa kwenye tope na redio imefunikwa kitenge isilowe. Walipokwisha kupotea, Mama Ndahani akakaa chini juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akamwita bintiye karibu.

"Nyemo, mimi ndimi niliyekurudisha kwa Masinga. Mara mbili. Nilijua anakupiga, nikapokea kitenge, nikapokea mbuzi, nikakuambia uvumilie. Lile jino ni deni langu. Nisamehe, mwanangu."

Sijawahi, kabla ya siku ile wala baada yake, kusikia mama akisema hivyo kwa mwanawe mbele za watu. Nyemo alikaa chini kwenye udongo, akalaza kichwa kwenye mapaja ya mama yake, akalia kilio cha miaka yote ile, na mama akakishika kile kichwa mpaka mvua ikapungua. Sisi wengine tulijifanya tunachambua vitunguu.

Wachuuzi walikuja, wakavikuta vikavu vinalia mkononi. Nyemo akabaki kwao, akalisha wanawe, na miaka ilivyokwenda akawa anawaajiri watu wa kumwagilia. Masinga hakutuma mtu tena. Mzee Mhalila, kwa kuwa alikuwa msemaji, aliyabeba maneno yale kila nyumba aliyopitia. Baada ya muda tukaanza kuyasikia kwa watu wasiomjua hata Mama Ndahani, wakimwambia mtu anayepaka chokaa ukuta wenye nyufa, au anayeomba radhi bila kutaja alilokosa.

Na siku ya Mzee Malogo haikufutwa, msije mkadhani. Wanawe bado wanakwenda bustanini kila mwaka. Isipokuwa hawabebi vikapu. Wanaingia kibandani, wanagonga mihimili mmoja mmoja na kusikiliza, na uliooza unatolewa siku hiyohiyo, kisha ndipo wanakunywa togwa. Udongo juu ya udongo si paa.